Mjomba Asiyekuwamo Pichani

Wiki iliyopita lango lilikuwa limefungwa. Wiki hii bado limefungwa, na msinilaumu mimi, mlaumuni mwenye kiwanda.

Aliyesimama mbele ya lango ni yule yule Sudalaimuthu, mpiga muziki wa harusi kutoka vijiji vya Tirunelveli, aliyesafiri saa saba kwa bajaji ya mizigo yenye spika mbili za tarumbeta mgongoni. Ndani ya lango yumo mpwa wake Poongodi, mtoto wa kwanza wa marehemu dada yake. Kesho alfajiri basi litawachukua wasichana arobaini wa kiwanda hiki cha nyuzi, na Poongodi akiwamo, liwapeleke kiwanda kingine, jimbo jingine, ambako hata barua haitajua njia ya kurudi.

Na mlinzi ndiyo kwanza amepitisha picha katikati ya nondo, akasema, "Tazama mwenyewe, kaka."

Sudalaimuthu alitazama.

Picha ilipigwa pale pale langoni siku ya kumpokea msichana kazini, miaka miwili na miezi saba iliyopita. Katikati yupo Poongodi na sketi yake ya shule, macho yamemtoka kama aliyesikia radi. Kulia kwake mama yake. Kushoto, mahali pa mjomba, amesimama mwanamume mwenye saa ya dhahabu na tabasamu la kuuzia ng'ombe mgonjwa.

"Huyu ni Kanagaraj," alisema Sudalaimuthu. "Ni dalali. Ndiye aliyemleta mtoto hapa."

"Hapa pameandikwa mjomba."

"Mjomba ni mimi."

"Nakuamini, kaka. Pua yako na ya msichana ni pua moja. Lakini mimi sifungui lango kwa pua, nafungua kwa picha. Asiyekuwamo pichani hamwoni msichana, hampi kitu, hamtoi."

"Mama yake amekufa."

"Pole sana. Basi amebaki mjomba."

"Ndiye mimi."

"Huyu wa saa."

Wakazunguka hapo mara nne, kama ng'ombe wa kinu cha mafuta. Mara ya tano mlinzi akamhurumia, akamtolea maji ya kunywa kwenye bilauri ya bati, lakini bilauri nayo ilipita katikati ya nondo. Lango halikufunguka hata upana wa ukucha.

Kilichomuuma Sudalaimuthu hakikuwa lango peke yake. Alikumbuka alikuwa wapi siku ile ya picha. Dada yake alimwomba amsindikize, akamwambia, "Njoo, kaka, mtoto asiende kama hana watu." Yeye akajibu kwamba ana harusi ya mtu kijiji cha pili, spika zimeshalipiwa. Basi wakati anawachezesha wageni wa mwenzake, nafasi yake kando ya mpwa wake ilikaa tupu, na nafasi tupu haikosi wa kuingia.

Msimwonee huruma mno. Amekwisha kuonewa na serikali nzima.

Tangu Jumatatu, msichana mmoja aliyefukuzwa kiwandani kwa kukohoa alipomletea barua ya Poongodi iliyokunjwa ndani ya kibweta cha wanja, Sudalaimuthu hajakaa kitako. Barua ilikuwa fupi. "Mjomba, kitanda changu hakipoi, nikiamka mwenzangu wa zamu nyingine analala. Tukiumwa tumbo la mwezi tunapewa kidonge kisicho na jina. Nikasema nataka kwenda nyumbani kumzika mama, wakasema miaka mitatu haijatimia. Alhamisi wanatuhamisha. Njoo unichukue."

Alikwenda polisi. Wakamuuliza, amepigwa? Hajui. Ameibiwa? Hapana. Basi yuko kazini, nenda ofisi ya kazi. Ofisi ya kazi wakafungua faili, wakasema msichana ni mtu mzima, alipoingia alikuwa na miaka kumi na minane kamili, karatasi hii hapa. Karatasi ilitoka kwa daktari wa meno. Daktari wa meno ambaye hajawahi kuona hata jino moja la Poongodi alikuwa ametia sahihi kwamba magego yake ni ya mtu wa miaka kumi na minane.

"Alikuwa na kumi na mitatu," Sudalaimuthu aliwaambia.

"Leta cheti cha shule."

"Alikichukua dalali."

"Basi mlete dalali."

Walimpiga danadana hivyo siku mbili, mpaka leo Jumatano, saa tisa alasiri, amefika mwenyewe langoni. Zamu inabadilika saa kumi. Kuanzia saa kumi na moja mabweni yanafungwa, na atakayefuata kuyafungua ni dereva wa basi la alfajiri.

Aliirudisha picha. Akavuka barabara hadi kibanda cha chai.

Kibandani walimngoja wanawake wawili. Mmoja ni mkewe Muppudathi, ambaye ulimi wake, watu wa kijijini wanasema, uliwahi kumgeuza njiani mwizi wa mbuzi, akamrudisha mbuzi na kamba mpya juu yake. Wa pili ni Bi Anbuchelvi, Bi Anbu kwa kifupi, wa ofisi ya watoto ya wilaya, mwanamke mwembamba mwenye pikipiki na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri tangu aajiriwe.

"Umo pichani?" aliuliza Muppudathi.

"Simo."

"Nilijua. Hata kwenye picha ya harusi yetu umefumba macho."

"Muppudathi, leo niache."

"Sikuachi, tumetoka mbali."

Bi Anbu alizungusha glasi ya chai mezani. "Kaka, nilikwambia jana kwa simu na leo nakwambia tena. Kiwanda hiki nimekijia mara sita, na mara sita nimeonyeshwa karatasi. Wote ni watu wazima, wote wamekuja kwa hiari, wote wana meno. Mtu mzima siwezi kumgusa, sheria yangu inaishia miaka kumi na minane. Nipate kitu kimoja tu cha kuonyesha kwamba huyo ni mtoto, nitaingia leo hii, na mlinzi atanishikia pikipiki."

"Mimi nakwambia ni mtoto."

"Wewe humo pichani."

"Kila mtu ananiambia hivyo."

"Nataka mtu wa ndani. Mtu wao wenyewe aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu."

Muppudathi alikuwa akitazama ng'ambo ya barabara. Nyuma ya nondo, kwenye baraza ya bweni, mwanamke mnene alikuwa akisuka ua la asumini kwenye nywele zake. Vipini vya pua alikuwa navyo viwili, kila upande kimoja, kama wanawake wa kwao wa zamani.

"Yule ni nani?"

"Danabakiam," alisema muuza chai bila kuulizwa mara mbili. "Mama wa bweni. Meneja akienda mjini kama leo, mwenye kiwanda ni yeye. Mkali, lakini wa dini. Ijumaa hufunga. Juzi paka alizalia mlangoni kwake, akatoa sadaka."

Muppudathi akageuka polepole. "Mume wangu. Poongodi alipoondoka nyumbani alikuwa hajavunja ungo."

"Hajavunja. Angevunja ningeitwa mimi kwanza, kuna mjomba asiyeitwa?"

"Na barua inasema wakiumwa tumbo la mwezi wanapewa vidonge."

Sudalaimuthu hakuelewa. Bi Anbu ndiye aliyeelewa, maana glasi yake iliacha kuzunguka.

"Amevunjia ungo humo ndani," alisema Muppudathi. "Na mwanamke yule, mwenye vipini viwili na asumini, unadhani alimwacha mwali bila maji ya manjano? Chini ya paa analolala yeye mwenyewe? Asingepata usingizi mwaka mzima. Alimwogesha. Na siku aliyomwogesha anaikumbuka, mwanamke haisahau siku hiyo. Anachohitaji ni mtu wa kumuudhi ili aiseme."

"Nani atamuudhi?" aliuliza Sudalaimuthu.

Wanawake wote wawili walimtazama yeye, kisha wakazitazama spika.

Bi Anbu akaagiza chai nyingine. "Mimi nakunywa chai. Masikio yangu hayana likizo."

Sasa, mjomba haendi kumtoa mwali mikono mitupu. Panatakiwa masinia, na masinia hayahesabiki kwa shufwa. Ni matano, saba, kumi na moja. Muuza chai alikuwa na sita. Muppudathi akachukua mfuniko wa sufuria la maziwa, akasema hili la saba, asiyependa asitazame. Wakapanga ndizi, tambuu, manjano, bangili za kioo, sari nyekundu ambayo Muppudathi aliitoa kwenye mfuko wake bila maelezo, maua ya asumini, na kwenye mfuniko, tonge la choroko nyeusi lililopikwa kwa sukari ya mvumo na mafuta ya ufuta. Hilo la mwisho alilipika nyumbani, akalibeba saa zote saba mapajani. Kumbe alikuwa amekuja kwa hilo tangu mwanzo.

Sudalaimuthu akaisogeza bajaji mbele ya lango, akaunganisha betri, akapuliza maiki.

Spika zile nazijua. Ziliwahi kupigwa kwenye harusi moja, maziwa ya kijiji kizima yakaganda kabla ya jioni, na kuku wa jirani akaangua yai ambalo hata halijatagwa. Alipozifungua mbele ya kiwanda, mashine mia mbili za kusokota nyuzi zilionekana kama zinanong'ona.

"Wakubwa kwa wadogo," alisema kwa ile sauti yake ya harusi, "mnasikia mjomba wa Poongodi. Nimekuja na masinia saba. Mpwa wangu amevunja ungo humu ndani na mimi sikuitwa. Naambiwa wamemwacha hivi hivi. Hajaogeshwa, hajafichwa, hajalishwa hata tonge. Wamemwacha kama ndama."

Saa kumi kasoro tano. Wasichana wa zamu ya mchana walikuwa wanatoka mashineni kwa mistari miwili kuelekea bweni. Mistari ikasimama.

Mlinzi akaja mbio. "Kaka, zima hiyo."

"Sheria inasema nisiingie. Nimeingia?"

"Hujaingia."

"Basi niache nje nizungumze na barabara."

Wanawake waliokuwa wakivuna maua shamba la jirani waliweka vikapu. Basi la abiria lilipunguza mwendo, likasimama kabisa, dereva akachungulia.

"Nawaulizeni nyie wenye mabinti," spika zikaendelea. "Nyumba gani humwacha mwali na damu ya kwanza bila manjano? Mama wa bweni hili hana mama aliyemwogesha? Hana dada? Au yeye mwenyewe aliogea mvua?"

Mlango wa bweni ulifunguka kwa kishindo. Danabakiam alishuka ngazi, ua moja likidondoka kichwani.

"Wewe mpiga ngoma," alisema kutoka upande wa pili wa nondo, "shusha upuuzi wako. Mjomba wa msichana tunaye pichani."

"Yule ni dalali, Mama. Kalete mjomba huyo na sinia lake nilione."

"Mjomba gani anayetoa mwali mwezi wa Aadi? Mwezi wa nuksi, hata mbwa hawaoani."

"Mwezi nimeuchagua mimi? Lango ni lenu. Mngemwita mjomba siku yake, tungekuwa tumekula wali tukasahau."

Watu wa basi wakacheka. Danabakiam akapandisha sari begani.

Muppudathi akasogea mbele na mfuniko wa maziwa kichwani, akasema polepole, kwa huruma iliyokuwa chungu kuliko tusi, "Mwache mwenzio, mume wangu. Ana wasichana mia tatu. Atajuaje nani kavunja nani hajavunja? Kazi imemshinda tu. Mungu atamsamehe, ila paa lake ndilo linalonitisha."

"Paa langu lina nini?" Sauti ya Danabakiam ilikwaruza.

"Si mimi ninayesema, dada. Wanasema nyumba iliyolaza mwali asiyeogeshwa, aliyemo humo kizazi chake..."

"Nipe kitu hicho." Mkono mnene ukapita katikati ya nondo, ukanyakua maiki. "Mnisikilize nyote. Poongodi nilimwogesha mimi, kwa mikono hii. Ijumaa ya kwanza baada ya sikukuu ya mavuno ya Pongal, mwaka jana, asubuhi. Manjano nilinunua kwa pesa yangu. Nikamlisha yai bichi na mafuta ya ufuta, na siku tatu kamili hakugusa mashine, meneja akanifokea, nikamwambia nifokee, lakini mwali ni mwali. Hakuna hata mmoja aliyevunja ungo chini ya paa langu bila manjano. Mwaka huu pekee nimeogesha kumi na tisa. Tarehe zote ninazo kwenye daftari."

Maneno hayo yalipita juu ya mashamba, yakagonga kilima, yakarudi. Kumi na tisa. Kwenye daftari.

Watu hawakucheka tena. Mlinzi aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake.

Ng'ambo ya barabara Bi Anbu alimaliza chai yake mpaka tone la mwisho. Akavuka, akatoa kitambulisho.

"Mama, habari za jioni. Karatasi za kiwanda zinasema Pongal ya mwaka jana huyo Poongodi alikuwa na miaka kumi na tisa. Alivunja ungo na miaka kumi na tisa?"

Danabakiam alifungua mdomo. Maiki ilikuwa bado mkononi mwake, na spika zikatoa pumzi yake tu, ndefu, kama ya tairi.

"Nitaliomba na hilo daftari," alisema Bi Anbu. Kisha kwa mlinzi, "Shika pikipiki yangu."

Na lango likafunguka, wasomaji. Mlilisubiri wiki tatu, na likafunguka kwa ufunguo wa kawaida kabisa, bila hata kulia.

Robo saa baadaye Bi Anbu alirudi na msichana. Sudalaimuthu hakumtambua. Kichwa kilikuwa cheupe kwa pamba hata akadhani ameletewa bibi wa miaka sabini. Alikuwa mwembamba, na alisimama akitazama midomo ya watu badala ya macho yao, maana kelele za mashine zilikuwa zimekula masikio yake nusu. Muppudathi alimsogelea. Aliweka mfuniko chini, akaanza kumchambua pamba nywele kwa nywele, halafu akammegea tonge la choroko, akamtia mdomoni.

Poongodi alitafuna. "Umezidisha mafuta, shangazi," alisema kwa sauti kubwa, kama wasiosikia vizuri.

Hapo ndipo Sudalaimuthu alipogeuka kuitazama betri ya spika, akaitazama kwa muda mrefu kuliko betri yoyote inavyostahili.

"Tupande," alisema. "Giza lisitukute njiani."

"Subiri kwanza, kaka," alisema Bi Anbu. Alikuwa ameegemea pikipiki, faili wazi, kalamu haiandiki. Na uso wake, uliokuwa umechangamka kidogo, ulikuwa umerudi ulivyokuwa.

"Nini tena?"

"Sasa ni mtoto."

"Ndiyo. Tumehangaika siku tatu awe mtoto."

"Mtoto simwachii barabarani aende na amtakaye. Namkabidhi mlezi aliye kwenye kumbukumbu." Alitoa picha kwenye faili alilotoka nalo kiwandani. Ile ile. "Mama amekufa. Mlezi aliyebaki ni mjomba. Mjomba ni huyu."

Sudalaimuthu aliutazama uso wa Kanagaraj kwa mara ya pili siku hiyo. Tabasamu lilikuwa halijachoka.

"Angekuwa mtu mzima?"

"Angepanda bajaji yako."

"Nusu saa iliyopita alikuwa mtu mzima."

"Nusu saa iliyopita ulitaka awe mtoto." Bi Anbu akafumba macho akayafumbua. "Usinitazame hivyo. Sheria hii sikuitunga mimi, mimi inanikaa kooni kila siku. Sikiliza. Kuna njia moja. Mtoto mwenyewe akiulizwa mbele ya mashahidi mjomba wake ni nani, nayaandika maneno yake, na maneno yake yanaivunja picha. Mashahidi ninao, basi zima. Ni swali moja tu."

"Muulize basi."

Bi Anbu akafungua ukurasa mpya. Danabakiam alikuwa ameurudisha mkono ndani ya nondo lakini maiki alikuwa ameiachia, inaning'inia kwenye waya, hai. Bi Anbu akaishika, akaisogeza karibu na mdomo wa Poongodi ili barabara nzima isikie.

Ndipo gari jeupe lilipopiga breki nyuma ya bajaji.

Akashuka Kanagaraj. Saa ile ile, shati limepigwa pasi. Mlango wa bweni ulikuwa umefungwa na Danabakiam haonekani, basi msinitake niseme nani aliyempigia simu. Hakukimbia, hakugomba. Alivua viatu kandokando ya barabara kwa adabu, kama mtu anayeingia shughulini. Akatembea mpaka kwa Sudalaimuthu, aliyekuwa ameshika sinia la kwanza, lile la sari nyekundu, manjano na ndizi.

"Nipe, kaka," alisema, akalishika upande wa pili. "Hilo hubebwa na mjomba."

"Ondoa mkono."

"Mbele ya ofisa wa serikali? Mimi nimo kwenye kumbukumbu. Wewe nani?"

Walivutana. Ndizi zikaanguka. Bi Anbu akapaza sauti, "Acheni nyote wawili. Atasema mtoto. Poongodi, nitazame midomo. Kati ya hawa, mjomba wako ni yupi?"

Kanagaraj aliliachia sinia mara moja, kwa urahisi uliomshtua Sudalaimuthu. Akatia mkono mfuko wa shati, akatoa karatasi ngumu, ndogo, akainyanyua usawa wa kifua chake. Aliigeuzia kwa Poongodi. Sudalaimuthu aliona mgongo wake tu, mweupe, unang'aa, mpya.

Poongodi aliitazama. Choroko ilikuwa bado mdomoni mwake, ikaacha kutafunwa.

"Sema, mwanangu," alinong'ona Muppudathi. "Sema twende nyumbani."

Msichana aliinua mkono, pamba ikipeperuka kwenye kiwiko. Ukapita mbele ya kifua cha mjomba wake, haukusimama. Ukasimama kwa mwenye saa.

"Huyu," zilisema spika mbili za Sudalaimuthu, mpaka kilimani na kurudi. "Mjomba wangu ni huyu. Yule simjui."

Kalamu ya Bi Anbu haikushuka. Watu wa basi walianza kunong'ona, mwongo mkubwa, kumbe tapeli, na masinia yake. Kanagaraj alikwisha kumshika msichana bega.

Sudalaimuthu hakugomba. Aliachia sinia. Lilipolia chini kila mtu akageuka kulitazama, na katika kugeuka huko akapeleka mkono wake wa kufungia nyaya, mwepesi kama wa nyani, akaichomoa ile karatasi vidoleni mwa dalali.

Ilikuwa picha.

Palikuwa na lango, lakini si hili jekundu. Lilikuwa la kijani, asilolijua. Mbele ya lango, mahali pa mjomba, alisimama Kanagaraj na saa yake. Na kando yake, katika gauni la sikukuu ambalo Muppudathi mwenyewe alilishona, alisimama Chellakili, mdogo wake Poongodi, mwenye miaka kumi na mmoja, waliyemwacha nyumbani kwa bibi yake asubuhi hii, amelala.